Grainda ndogo au kubwa? Na hili suala la kutoa gadi tuongee ukweli

CHECHE NYINGI:
Wakuu habari za kazi. Nina grainda ndogo nimeitumia karibu miaka sita, kaboni (zile brashi za mota) nimebadilisha mara tatu, beringi mara moja, sasa armecha (koili inayozunguka ndani ya mota) imeungua na nikipiga hesabu ya kuisuka upya naona bora ninunue nyingine. Kazi zangu ni karakana ya nyumbani tu, fremu za meza, mageti madogo, kusawazisha weldi, mara mojamoja kukata tailizi. Jamaa wananiambia chukua ile kubwa ya inchi tisa moja ifanye kazi zote, wengine wanasema angalia wati tu mengine mbwembwe.

Halafu kuna jingine nalisema hapa japo najua nitasemwa. Gadi, yaani ile kinga inayofunika diski, ya grainda ya zamani niliitoa wiki ya kwanza kwa sababu ilikuwa inanizuia kuingia kwenye kona. Mwezi uliopita nikiwa nakata flati ba (chuma bapa) diski ikapasuka, kipande kimoja kikapita hapa karibu na shingo, kingine kikajichomeka kwenye mbao ya mlango nyuma yangu na mpaka leo kipo sijakitoa. Sikuumia. Ila tangu siku ile nikishika grainda ya mtu mkono unakuwa mzito. Kwa hiyo maswali ni mawili, ninunue ipi, na ile diski ilipasuka kwa nini?

SPANA 13:
Pole sana mkuu, na ushukuru. Kabla watu hawajaanza kukusema hebu tuambie hiyo diski ilikuwa ya aina gani, unene gani, ilikaa wapi kabla hujaifunga na ulikuwa umeifanyia nini kabla ya hapo. Diski haipasuki hivihivi.

CHECHE NYINGI:
Ya kukatia, milimita moja, ya inchi tano. Ilitoka kwenye boksi nililokuwa nalo muda mrefu, linakaa chini ya meza, mvua ikinyesha maji huwa yanaingia kidogo pale. Na ukweli nikimaliza kukata huwa naipitisha ubavu kidogo kutoa yale makali ya pembeni, si unajua uvivu wa kubadilisha diski.

MAMA KARAKANA:
Basi umejijibu mwenyewe kaka. Una sababu tatu hapo na yoyote kati ya hizo inatosha.

Ya kwanza ubavu. Diski ya kukatia ya milimita moja ina nguvu upande mmoja tu, wa makali yake. Ndani yake kuna wavu wa nyuzi za kioo umegandishwa na gundi ya rezini, ule wavu unaishikilia isisambaratike ikizunguka lakini haujatengenezwa kusukumwa kutoka pembeni. Ukisagia ubavu unaukwangua ule wavu, diski kwa macho inaonekana nzima kumbe imeshakwisha, halafu mkato unaofuata ndio unailipua. Kusagia kuna diski yake, ile nene ya milimita sita hivi yenye shimo lililobonyea katikati, au flapu diski, ile ya vipande vya msasa vilivyopangwa.

Ya pili maji. Rezini inanyonya unyevu na inapoteza nguvu. Diski zinakaa pakavu, zimelala flati, sio zimeegemezwa ukutani zikapinda.

Ya tatu umri. Hii wengi hawaijui. Chukua diski yoyote ya maana uangalie ile ringi ya chuma katikati, utakuta imegongwa V halafu mwezi na mwaka, mfano V 07/2027. Hiyo ni tarehe ya mwisho ya kutumika, kwa diski hizi za rezini huwa miaka mitatu tangu zitengenezwe. Nenda kaangalie boksi lako utuletee majibu.

CHECHE NYINGI:
Nimetoka kuangalia sasa hivi. Zimebaki saba. Zimepita miaka miwili na zaidi.

Nimezivunja zote kwa mkono, mbili zimevunjika kama biskuti.

BILA GADI:
Mnamtisha mtu bure. Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye chuma, gadi nilishatupa zamani, diski nafunga yoyote inayoingia, nina vidole vyote kumi. Grainda ni mkono wa mtu, ukiiogopa ndio inakukata. Hizi tarehe ni biashara tu wauze diski nyingi.

JILIWA KUUKUU:
Heshima yako mkuu Bila Gadi, miaka 19 sio michache. Ila hiyo "diski yoyote inayoingia" ndiyo inayonisumbua, ngoja nipige hesabu kidogo.

Diski nyingi za rezini za kushika mkononi zinaruhusiwa kasi ya mwisho mita 80 kwa sekunde pale ukingoni, ni kama kilomita 288 kwa saa. Kwa diski ya milimita 125, yaani inchi tano, hiyo ni mizunguko kama 12,200 kwa dakika. Kwa diski ya milimita 230, yaani inchi tisa, kwa sababu ni kubwa, ni mizunguko kama 6,600 tu. Ndio maana grainda ndogo inazunguka 11,000 hivi na kubwa inazunguka 6,500 hivi, sio kwamba kubwa ni ya kivivu.

Sasa mtu akitoa gadi kwenye ndogo, diski ya 230 inaingia, maana shimo ni lilelile la milimita 22.23. Ukiiwasha kwa 11,000 ukingo wake unakimbia mita 132 kwa sekunde. Na ile nguvu inayoivuta diski isambaratike haipandi sawa na kasi, inapanda kwa mraba, kwa hiyo unaipa karibu mara 2.7 ya iliyotengenezewa. Gadi ikiwepo hiyo diski haiingii kabisa. Yaani kazi ya gadi sio kuzuia cheche tu, inakuzuia na wewe mwenyewe usifanye ujinga siku umechoka.

Na kuna hawa wanaochukua diski ya grainda kubwa iliyokwisha ikabaki ndogo wanaihamishia kwenye grainda ndogo. Maelekezo ya grainda karibu zote yanakataza hilo, lakini nani anasoma kile kijitabu.

BILA GADI:
Sijasema nafunga ya tisa kwenye ndogo, mimi sio kichaa. Nasema gadi inasumbua kwenye kona. Hilo nalo mnabisha?

JILIWA KUUKUU:
Hilo sibishi. Inasumbua kweli. Ila gadi inazungushwa, nyingi siku hizi zina kiwenzo unabonyeza unaigeuza bila spana. Na kona ambayo grainda haifiki na gadi yake hiyo ni kazi ya tupa au daigrainda (kigrainda chembamba cha ncha) au kigrainda chembamba cha mkanda. Mimi kona za ndani za fremu nilishaacha kuzipiga na grainda kabisa, namalizia na tupa, inachukua dakika mbili zaidi.

BWANA GRISI:
Turudi kwenye swali la kununua maana jamaa atakuja kununua kitu cha ajabu.

Mkuu usichukue ya inchi tisa kama grainda yako ya pekee. Ile ni nzito, kilo tano sita hivi na diski, wati elfu mbili na ushee, imetengenezwa kwa kazi za kukata vitu vinene, reli, zege, bomba kubwa. Ikibana inakurusha, huwezi kuizuia kwa nguvu za mikono, hata uwe na kifua gani. Kusawazisha weldi ya meza kwa inchi tisa ni adhabu. Anza na ya milimita 125. Na sio 115, japo miili ni ileile karibu, 125 inakupa kina cha kukata zaidi kidogo na diski zake zinapatikana kirahisi.

Wati zisikudanganye. Kuna vigrainda vyepesi vimeandikwa wati 2000 kwenye boksi, ukiishika unajiuliza hizo wati zimekaa wapi. Kwa 125 wati kati ya 900 na 1,400 za kweli zinakutosha sana. Angalia uzito wa koili, angalia kama kaboni zinabadilishika kwa kufungua vifuniko viwili vya nje au mpaka upasue mwili mzima, angalia kama spea zipo.

Mimi kitu cha kwanza naangalia ni swichi. Kuna ile ya kusukuma mbele ikajifunga yenyewe, ukiiachia inaendelea kuzunguka. Na kuna ile ya kubana chini ya mwili kama pedali, ukiachia inazima. Ikikuponyoka mkononi hiyo ya kwanza inacheza sakafuni inakutafuta miguu. Chukua ya kubana. Mwanzoni utalalamika mkono unachoka, utazoea.

Halafu hizi kinga za kielektroniki za ndani: isiwake yenyewe umeme ukikatika halafu ukarudi, hiyo ni lazima kwangu. Kuanza polepole ni nzuri. Kuna zenye breki diski inasimama ndani ya sekunde chache baada ya kuachia, na kuna zinazojizima zenyewe zikihisi diski imebana. Ukimudu hizo mbili chukua, utazishukuru kuliko wati 500 za ziada.

SPANA 13:
Naongezea za betri. Volti 18 sasa hivi zinakata vizuri tu kwa kazi kama za mtoa mada, nyingi hazina kaboni na breki zinakuja nayo. Shida ni betri kwisha ukiwa unasaga muda mrefu. Mimi ninazo mbili, ya waya inakaa na flapu diski, ya betri inakaa na ya kukatia. Ukiwa na mbili hata ule uvivu wa kusagia ubavu unaisha maana hubadilishi diski kila saa, sijui kwa nini watu hawalisemi hili. Kuliko inchi tisa moja bora 125 mbili.

Ila betri nayo itoe kabla hujagusa diski. Watu wanachomoa waya, ya betri wanasahau kwamba umeme upo palepale.

MAMA KARAKANA:
Hapo kwenye mbili naunga mkono kwa mikono yote.

Sasa kubana. Nadhani Cheche hata diski ingekuwa mpya kuna siku ingembana, kwa jinsi anavyoeleza. Kaka, ile flati ba ulikuwa umeishikaje?

CHECHE NYINGI:
Ilikuwa imelala kwenye stuli mbili, nakata katikati, nimeikanyaga na mguu upande mmoja 😬

MAMA KARAKANA:
Ndiyo hiyo. Chuma kikilala kwenye stuli mbili ukakata katikati, kikikaribia kuachia kinabonyea chini, mdomo wa mkato unajifumba juu, unaishika diski kama koleo. Hapo moja kati ya mawili, diski inapasuka au grainda inakurukia, inarudi kinyume na jinsi diski inavyozunguka. Kata nje ya stuli, kile kipande kinachoning'inia kikianza kushuka kinaufungua mkato badala ya kuufumba. Na chuma kibanwe kwenye jiliwa au klempu, mguu sio klempu.

Na simama pembeni ya mstari wa diski, sio nyuma yake. Mikono miwili, mshikio wa pembeni umefungwa, haujatupwa kwenye droo pamoja na gadi. Usiipinde ndani ya mkato ukijaribu kunyoosha mstari uliokwenda kombo, toa anza upya.

KIJANA WA MISUMENO:
Swali la pembeni samahanini, kuna zile diski za meno kama msumeno za kukatia mbao kwenye grainda, na kuna zenye mnyororo kama wa chensoo kabisa. Vipi zile?

JILIWA KUUKUU:
Kijana usiguse. Msumeno wa mbao unazunguka 5,000 hivi na una meza au kitako cha kuegemea, grainda inakwenda 11,000 na haina pa kuegemea. Jino likinasa kwenye fundo la mti hakuna wa kuishika. Maelekezo ya watengenezaji wanaojiheshimu yanakataza diski za meno na minyororo moja kwa moja. Mbao ina mashine zake.

DADA WA STENLESI:
Mimi nasaga stenlesi kila siku acha niseme la diski maana watu wanadhani zote ni moja. Herufi ya kwanza kwenye zile namba zilizoandikwa kwenye diski ndiyo dawa yake, yaani punje zinazokata, A ni ya chuma, C ni ya mawe na zege, Z ni zikonia ya kazi ngumu. Namba inayofuata ni ukubwa wa punje, 24 inakula sana inaacha mikwaruzo, 60 ni ya kati. BF mwisho ni rezini yenye ule wavu aliousema Mama Karakana. Kuna na mistari ya rangi, mwekundu ndio mita 80 kwa sekunde.

Stenlesi tumia iliyoandikwa INOX, haina chuma wala salfa wala klorini. Na diski iliyokata chuma cha kawaida usiilete kwenye stenlesi, inapaka chembe za chuma, baada ya wiki kazi yako inaota kutu mteja anakuuliza umemuuzia stenlesi gani. Alminiamu nayo inajaza diski ya kawaida inageuka kama imepakwa risasi, inapata moto unaendelea kukandamiza, hapo ndio zinapasuka. Ina diski zake.

Kuhusu flapu diski, grit 60 ndio mkate wangu. Ilaze kidogo tu, nyuzi kumi na tano hivi, usiikandamize, uzito wa grainda wenyewe unatosha.

MACHO MAKAVU:
Nimesoma uzi mzima hakuna aliyesema macho kwa uzito wake kwa hiyo naingia.

Nilikuwa navaa miwani ya kawaida ya kusomea nikiamini inatosha. Siku hiyo nasaga juu kidogo ya kichwa, cheche zinashuka. Sikusikia kitu. Usiku jicho linawasha nikalisugua. Asubuhi jekundu nikaendelea na kazi, siku ya tatu naenda hospitali kwa aibu, daktari ananionyesha, kipande cha chuma kiko juu ya mboni na tayari kimeota kutu, kuna duara la kahawia limekizunguka. Alikitoa kisha akarudi tena kukwangua ile kutu. Mpaka leo taa za magari usiku nikiziangalia kwa jicho lile zina mkia.

Miwani ya kinga iliyoziba pembeni ndani, ngao ya uso juu. Vyote viwili, ngao peke yake cheche zinazunguka zinaingia chini. Na ukihisi kuna kitu usisugue, usimruhusu fundi mwenzio akutoe kwa ncha ya kitambaa au sindano, nenda hospitali siku hiyohiyo.

BILA GADI:
Pole sana kaka. Hilo la miwani sijawahi kubisha, miwani navaa.

KIJANA WA MISUMENO:
Glavu je? Mzee wangu kazini ananikataza kabisa anasema zinavuta mkono.

BWANA GRISI:
Za nyuzi au kitambaa kilicholegea mzee wako yuko sahihi, zikinaswa zinavutwa na mkono wako ndani. Za ngozi zinazobana mkono mimi navaa, kwa mtetemo na cheche. Isipokuwa kwenye brashi ya waya ndio naogopa kila kitu, ile inashika nguo ikiiona tu. Na nyaya zake zinachomoka zinaruka kama sindano, nimeshachomoa moja kwenye paja imepita kwenye suruali ya jinzi. Nguo za pamba au ngozi, nailoni inayeyukia mwilini. Masikio nayo, kinga inatakiwa kuanzia desibeli 85 na grainda nyingi zinapita 90, ukitoka karakana unasikia filimbi kichwani ujue umeshachelewa.

SPANA 13:
Mtoa mada umetaja tailizi. Ukikata tailizi au zege au tofali, ile vumbi nyeupe ina silika, chembe zake ndogo usizoziona zinakwenda chini kabisa ya mapafu zinaacha makovu yasiyotibika. Diski ya almasi, halafu iwe na gadi yenye mdomo wa kuunga vakyumu. Kama ni kukatia kwa maji iwe mashine iliyotengenezwa kwa maji, sio unamwagia maji grainda ya kawaida ya umeme ukiwa umeishika. Kitambaa puani sio barakoa, tafuta ya kiwango cha P3.

Na cheche zina mwendo mrefu kuliko unavyodhani, mita kadhaa, zinaingia kwenye maranda ya mbao zinakaa kimya. Baada ya kazi kaa pale nusu saa. Pipa lililowahi kuwa na mafuta au thina usilikate hata kama limekauka miaka, mvuke unabaki kwenye mikunjo.

CHECHE NYINGI:
Wakuu nimerudi. Nimechukua mbili kama Spana alivyosema, ya waya 125 yenye swichi ya kubana, na ya betri yenye breki. Gadi zote ziko mahali pake. Diski mpya nimeangalia tarehe mpaka muuzaji akaniuliza kama mimi ni mkaguzi.

Sasa nina tatizo dogo, ile ya waya nimefunga diski ya kukatia ya milimita moja, nimekaza, lakini nikiizungusha kwa mkono inacheza, na nikikaza zaidi bado. Nati ya juu ina pande mbili, moja ina bega limeinuka. Nimeifunga bega likiwa chini ndani ya shimo la diski.

JILIWA KUUKUU:
Igeuze. Diski nyembamba bega linaangalia nje, upande wa flati ndio unaikandamiza diski. Bega likiingia ndani na diski ni nyembamba linagonga flenji ya chini (ile sahani inayokaa chini ya diski) kabla halijaibana. Diski nene ya kusagia ndio bega linaingia ndani. Ukimaliza iwashe ikiwa imeelekea ukutani, hakuna mtu mbele yake, iache nusu dakika bila kugusa kitu. Ikitetemeka zima, usijaribu kukata.

CHECHE NYINGI:
Nimegeuza. Imeshika. Nusu dakika imepita, imetulia kama feni.

BILA GADI:
Cheche, hiyo ya waya gadi yake inageuka bila spana kweli? Ni modeli gani, nitumie picha inboksi.